Gumegume

Bibi yangu alikuwa na tusi moja kwa waume wa shoga zake:
gumegume. Bunduki ya jiwe.
Moshi mwingi, mshindo, na ndege bado yuko tawini.
Sikujua kwamba jiwe lenyewe lina mji wake
mpaka wakala wa kazi aliponileta Brandon, Suffolk,
zamu ya usiku, nyumba ya wazee,
vyumba kumi na vinne.

Hapa jiwe hilo ndilo ukuta.
Kanisa, stesheni, banda la baiskeli, vyote jiwe lile lile:
jeupe kwa nje, jeusi ndani,
kama nazi iliyovaa tui lake juu ya kifuu.

Chumba cha tisa, Horace Basham.
Alianza kupasua akiwa na miaka kumi na mitatu,
bandani kwa mjomba wake, nyuma ya baa.
Goti la kushoto lina sugu mpaka leo
pale jiwe lilipolala likisubiri nyundo.
"Gonga," ananiambia, ananipa kijiko.
Nagonga kikombe. Nagonga chuma cha kitanda.
"Jiwe zima hulia kama kengele.
Lenye ufa hukohoa."
Kisha anakohoa yeye, tunacheka,
yeye muda mrefu kuniliko,
maana kicheko kimekutana na kikohozi njiani
na hakuna anayempisha mwenzake.

Nimeiona picha ya kifua chake.
Nilidhani ni dirisha, asubuhi ya theluji.
Vumbi, alisema daktari. Vumbi la jiwe,
limekaa humo tangu ujana wake, halina nia ya kuhama.

Korogwe, kidato cha pili, mwalimu Shekiondo
aliandika ubaoni mpaka chaki ikalia:
Silikoni. Ya kumi na nne.
Jirani wa ghorofa ya chini wa kaboni.
Mchanga ni nini? Ni silikoni moja
iliyoshika oksijeni mbili, na haiziachii.

Haiziachii. Nilikariri kwa ajili ya mtihani,
nikapata alama yangu, nikasahau.
Sasa ni saa tisa usiku, na nimeelewa:
kifua cha mzee huyu kimejaa oksijeni
ambayo hawezi kuivuta.

Nambana kidoleni kifaa kidogo chenye taa nyekundu.
Ndani yake mna silikoni nyingine,
ile iliyopelekwa tanuri
mpaka ikatengana na oksijeni zake, talaka tatu,
na leo, mtalaka asiye na haya,
kazi yake ni kuhesabu oksijeni za watu.
Themanini na sita.
Themanini na nne.
Naongeza mtambo. Mtambo unavuma.

"Mawe yangu yalikwenda kwenu," anasema.
"Kwenye mapipa. Afrika."
"Afrika ni kubwa, Bwana Basham."
"Tulilipwa kwa kila elfu moja."
Anameza hewa kama mtu anayekunywa chai ya moto.
"Yaliwaka?"

Namfikiria bibi, mkono kiunoni, mdomo umebenuka.
Nawafikiria ndege wote waliobaki tawini
kwa sababu ya kijana mmoja wa Suffolk
aliyekuwa na usingizi siku ile.
Nafikiria pia wale ambao si ndege.
"Mengine," nasema.
Anatikisa kichwa, taratibu. Ameridhika,
au amechoka, kwa saa hizi sitofautishi.

Saa moja asubuhi nakabidhi zamu.
Naandika namba zake kwenye kioo cha simu ya kazi,
mchanga ukipokea habari za mchanga,
kisha navaa koti na kutoka.
Baridi imeganda juu ya ukuta wa kanisa.
Natoa ufunguo, naupitisha nikitembea,
jiwe baada ya jiwe baada ya jiwe,
sikio karibu,
nikilitafuta lile linalokohoa.